Filamu ya oksidi ya metali haisomi haidrojeni vizuri? Pitia hapa kabla hujaitupa

Malalamiko ya watu wanaotengeneza au kutumia hizi filamu za nanochembe (SnO2 ya bati, ZnO ya zinki, WO3 ya tangsteni na wenzake) kwa ajili ya kugundua haidrojeni yanajirudia sana, na karibu kila mtu anaanzia mahali pamoja: anailaumu filamu, anaitupa, anatengeneza nyingine, tatizo linarudi vile vile. Mara nyingi filamu haina kosa. Shida ipo kwenye joto, au kwenye hewa inayoizunguka, au pale waya unaposhika, na hivyo vitatu unavikagua kwa multimita na subira tu kabla hujagusa kemikali yoyote. Ndo maana chini ya kila dalili nimeanza na sababu zinazotokea sana, zile za nadra nimeziacha mwisho.

Kidogo kuhusu inavyofanya kazi, manake bila hapo utakuwa unabahatisha. Oksijeni ya hewani inakaa juu ya chembe, inanyang'anya elektroni, ukinzani unapanda. Haidrojeni ikifika inaungana na ile oksijeni na kuondoka kama mvuke wa maji, elektroni zinarudi ndani, ukinzani unashuka. Hayo yote yanataka joto, kwa filamu nyingi ni kati ya nyuzi 200 na 400 za Selsiasi. Basi shika hivi: bila joto hakuna jibu, bila oksijeni hakuna kurudi, bila mguso mzuri wa elektrodi hakuna usomaji.

Na hili la usalama usiliruke. Haidrojeni hewani inawaka kuanzia 4% mpaka 75%, cheche ya milijuli 0.02 hivi inatosha kuiwasha, na moto wake mwangaza wa mchana karibu hauonekani. Kupima filamu huhitaji haidrojeni tupu hata kidogo, nunua mtungi uliochanganywa tayari kiwandani, 1000 ppm (sehemu 1000 kwa milioni, yaani 0.1%) au kama unataka kwenda juu basi 1%, hapo uko mbali na mpaka wa kuwaka. Ile tabia ya kutengeneza gesi kwenye chupa kwa zinki na asidi iacheni jamani, kwanza hujui kiwango ulichopata, pili gesi inatoka na ukungu wa asidi unaokula elektrodi, tatu una hita yenye nyuzi 300 pembeni ya chupa ya haidrojeni.

Multimita inaonyesha OL (imepita upeo wa kipimo), hakuna usomaji kabisa

Kwanza jiulize filamu ni ya baridi au ya moto. Filamu nyembamba ya nanochembe ikiwa kwenye joto la chumba inaweza kuwa na ukinzani wa megaohmu mamia au hata gigaohmu, na multimita nyingi za mkononi zinaishia megaohmu 40 au 60, kwa hiyo OL hapo haimaanishi imekatika. Washa hita, subiri, pima tena.

Bado OL? Pima hita yenyewe ikiwa imezimwa na imepoa. Kwa MQ-8, sensa ya haidrojeni ya kununua ambayo wengi wanaanza nayo, hita ina takriban ohmu 31, yaani kwenye volti 5 inakula kama 160 mA. Ukikuta hita imekatika hakuna dawa, badilisha. Ukikuta ni nzima angalia inalishwa na nini, maana pini ya kidhibiti kidogo (kama Arduino) haiwezi kutoa mkondo huo, na mtu aliyeiunganisha kwenye volti 3.3 badala ya 5 anabaki na 44% tu ya nguvu kwa sababu nguvu inakwenda na mraba wa volti. Hita inaonekana ina moto ukiigusa kwa nje lakini filamu haijafika inapotakiwa.

Sababu inayofuata ni viunganishi, na hapa wengi wanaotengeneza wenyewe wanaumia. Risasi ya kulehemia ya bati na risasi (63/37) inayeyuka nyuzi 183, ile isiyo na risasi inayeyuka karibu na 217. Sasa filamu yako inafanya kazi kwa 300 halafu umelehemu waya milimita mbili kutoka hapo, itashika asubuhi na kuachia jioni. Gundi za fedha za kawaida nazo nyingi hazivumilii joto hilo. Tumia waya mwembamba wa dhahabu au platinamu uliobandikwa kwa pesti ya kuchomwa tanurini, au sukuma sehemu ya kulehemu mbali na eneo la moto.

Sababu ya mwisho ni filamu yenyewe kuwa na nyufa zinazokata njia kati ya elektrodi, hiyo ina sehemu yake chini.

Inasoma, lakini gesi ikija haijibu au inajibu kidogo mno

Joto tena. Kila oksidi ina kilele chake, ikiwa chini ya hapo mmenyuko ni wa polepole, ikiwa juu sana haidrojeni inaungua juujuu kabla haijapenya ndani ya filamu. Usiamini namba ya kwenye kidhibiti cha tanuri au hita, weka themokapo (kipimajoto cha waya) ndogo karibu kabisa na filamu. Kisha panda kwa hatua za nyuzi 25 au 50, kila hatua acha itulie, pima hewa safi, pima gesi, andika uwiano. Kazi hiyo ya siku moja inakuambia mengi kuliko kutengeneza filamu tano mpya.

Cha pili ni gesi haifiki. Haidrojeni inatoroka kupitia mpira wa silikoni kwa urahisi, na viungo visivyokazwa vinavuja, weka maji ya sabuni kwenye kila kiungo uone mapovu. Tumia mirija ya chuma cha pua au PTFE (Tefloni). Na mrija wa silikoni una ubaya mwingine nitausema mbele.

Cha tatu ni hesabu, hasa kwa waliokopi programu ya mtu. Modyuli nyingi za bei rahisi zinakuja na ukinzani wa mzigo (ule unaounganishwa mfululizo na sensa ili usome volti) wa kiloohmu 1 (kile kidude kimeandikwa 102) wakati programu imeandikwa kwa kiloohmu 10 (103). Halafu R0 (ukinzani wa rejea unaolinganishia usomaji) kwenye datashiti ya MQ-8 ni ukinzani ndani ya haidrojeni 1000 ppm, siyo ndani ya hewa safi, kwa hiyo ukichukua thamani ya hewa safi ukaiita R0 kila ppm utakayopata ni uongo mtupu. Hapo sensa ni nzima kabisa, kosa ni la mstari mmoja wa programu.

Ukishavuka hayo ndo uingie kwenye filamu. Ukubwa wa chembe una uzito mkubwa sana hapa: Yamazoe na wenzake mwaka 1991 walionyesha kwamba kwa SnO2 uwezo wa kugundua gesi unapanda kwa kasi chembe zikishuka chini ya nanomita 6 hivi, kwa sababu tabaka lililonyang'anywa elektroni lina unene wa kama nanomita 3 kila upande, kwa hiyo chembe nzima inakuwa chini ya amri ya uso wake. Ukichoma filamu kwa nyuzi 900 chembe zinakua zinashikana na ile faida ya nano inakwisha. Kwa wengi 450 hadi 500 kwa saa moja au mbili inatosha. Kama ulianza na kloridi ya bati, mabaki ya kloridi nayo yanaharibu jibu, osha unga tena na tena mpaka maji ya kuoshea yakiwekewa nitrati ya fedha yasitoe weupe.

Paladiamu au platinamu kidogo juu ya chembe inasaidia mno, inaikata molekuli ya haidrojeni kuwa atomu na kuzimwagia oksidi, jibu linakuwa kubwa na joto la kazi linashuka. Kidogo, nasisitiza, asilimia moja au mbili kwa uzito ni mahali pazuri pa kuanzia, ukiijaza madongemadonge inaanza kupitisha umeme yenyewe na kuficha mabadiliko ya oksidi.

Inajibu vizuri halafu hairudi

Swali la kwanza kabisa: unapima ndani ya gesi gani? Watu wengi wana mtungi wa haidrojeni ndani ya naitrojeni au agoni, wanasafisha chemba kwa naitrojeni, halafu wanashangaa ukinzani umebaki chini saa nzima. Hakuna oksijeni, itarudi na nini? Safisha kwa hewa kavu na utaona inapanda. Na kama mahali unapotaka kuiweka hakuna oksijeni kabisa, kwa mfano ndani ya bomba lenye gesi ajizi, hii aina ya sensa siyo ya hapo, tafuta inayotumia aloi ya paladiamu au inayopima upitishaji joto wa gesi.

Cha pili, chemba yako ni kubwa. Chukua chemba ya lita 1 na mtiririko wa mililita 100 kwa dakika, hapo gesi yenyewe inahitaji kama dakika 23 kubadilika kwa 90%, halafu mtu anaandika kwamba filamu yake ina kasi ya dakika 23. Unapima chupa, hupimi filamu. Punguza ujazo mpaka mililita chache au ongeza mtiririko, ukiona muda umebadilika basi ujue ulikuwa unapima chemba.

Kama filamu inafanya kazi kwenye joto la chumba, kuchelewa kurudi ni hali yake, maji yanayotokana na mmenyuko yanang'ang'ania juu ya chembe. Ipe joto la ghafla la sekunde kadhaa, nyuzi 200 na kitu, yataondoka. Kwa zenye paladiamu kuna jambo la ziada, kwenye joto la chumba haidrojeni ikifika kama 1 hadi 2% paladiamu inageuka hidridi na kuvimba karibu 10% kwa ujazo, ikirudiarudia inaibandua filamu taratibu. Ya WO3 yenye platinamu au paladiamu ikigeuka bluu usiogope, haidrojeni imeingia ndani ya oksidi, ipe hewa na joto kidogo rangi itafifia.

Namba zinatembea zenyewe hata bila gesi

Filamu mpya haijatulia. Hii ni sababu namba moja na dawa yake ni kusubiri, iache na hita ikiwa imewaka saa 24 hadi 48 kabla hujaamini chochote, na ile iliyokaa kabatini miezi ipe hata zaidi. Kama ulitumia kishikizi (cha kushikisha unga) kama selulosi ya ethili na hukuchoma vizuri, mabaki yanaendelea kuungua kidogokidogo na usomaji unatembea siku nyingi. Kanuni nzuri ni kuchoma filamu kwa joto la juu kuliko la kazi angalau kwa nyuzi 100, kwa saa za kutosha, ili mabadiliko yaishe tanurini yasije kuendelea mezani kwako.

Baada ya hapo unyevu. Maji yanakaa kwenye nafasi za oksijeni, ukinzani wa msingi unashuka na jibu la haidrojeni linapungua. Sasa angalia mtego huu ambao umeharibu grafu nyingi: chumba kina unyevu, mtungi ni mkavu kabisa, ukifungua mtungi ukinzani unaruka, mtu anasema ameona haidrojeni. Dawa ni jaribio tupu, pitisha hewa kavu kutoka mtungini isiyo na haidrojeni, kwa mtiririko ule ule. Kama usomaji unaruka, huo mruko ni wa ukavu na wa kupoa kwa filamu kwa upepo, siyo wa gesi. Mtu asiyefanya jaribio tupu asichapishe namba zake, nasema hivyo kwa moyo wote, kwa sababu mwingine atazitegemea kwenye usalama wa watu.

Mwanga nao. ZnO na TiO2 zinapigwa na miale ya jua ya urujuanimno na upitishaji unaopanda hapo unaweza kuchukua saa kadhaa kushuka. Funika chemba kwa foili, ukiona usomaji unatulia umepata jibu.

Kelele za harakaharaka, zile za kurukaruka kila sekunde, mara nyingi ni umeme: hita inayowashwa na kuzimwa kwa mapigo kwenye chanzo kimoja na saketi ya kupimia, ardhi ya pamoja iliyounganishwa vibaya, feni inayopuliza filamu moja kwa moja. Tenganisha chanzo cha hita, soma pale tu hita iko katika hali ile ile ya pigo, chukua wastani wa masomo kadhaa.

Inakwenda kinyume, ukinzani unapanda gesi ikija

Fupi hii. Angalia kigawa volti chako, ukibadilisha nafasi ya sensa na ukinzani wa mzigo, volti itashuka pale ulipotegemea ipande. Kisha angalia oksidi, NiO (ya nikeli) na CuO (ya shaba) ni za aina ya p, yaani umeme wake unabebwa na nafasi zilizoachwa na elektroni, siyo elektroni zenyewe, kwao kupanda ndo sahihi. Kama ni SnO2 au ZnO na waya uko sawa, fanya jaribio tupu la hewa kavu kama nilivyosema juu, halafu shuku unga uliochanganyika na oksidi nyingine.

Inalia na hakuna haidrojeni

Hizi filamu hazina macho, chochote kinachoungua kwa oksijeni kinazishtua: kaboni monoksidi, ethanoli, asetoni, methani. Kabla ya kulaumu sensa angalia nani ametumia kisafisha mikono au rangi ya dawa karibu. Njia moja inayosaidia ni tabaka jembamba la silika juu ya filamu, vitundu vyake vinapitisha haidrojeni kwa sababu ni molekuli ndogo na kuzizuia kubwa, ila utalipa kwa kasi na itabidi ukalibreti upya. Nyingine ni kutumia sensa mbili zenye joto tofauti na kulinganisha.

Lakini kama ni alamu iliyofungwa mahali penye haidrojeni kweli, chumba cha kuchajia betri za asidi au kwenye elektrolaiza (mashine inayotenganisha maji kwa umeme), usianze kuchunguza kama ni uongo. Chukulia ni kweli. Usiguse swichi, wala kuwasha wala kuzima, toka, toa watu, kama valvu ya gesi ipo nje funga, ita wataalamu. Utaichunguza sensa hewa ikishapimwa na kifaa kingine kilichothibitishwa.

Filamu imepasuka au inabanduka

Ukitazama kwa hadubini unaona mabamba kama tope la bwawa lililokauka. Karibu kila mara sababu ni moja, umemwaga tabaka nene kwa mkupuo na kulikausha haraka, maji yakitoka yanavuta chembe na filamu inachanika. Weka matabaka membamba matatu au manne badala ya moja nene, kila moja likauke taratibu likiwa limefunikwa, kisha tanuri ipande nyuzi 1 au 2 kwa dakika na ishuke polepole vile vile, usifungue mlango ikiwa bado na moto hata kama una haraka.

Ikibanduka nzima nzima, uso wa chini ni mchafu, osha kwa asetoni kisha isopropanoli kisha maji safi, kausha. Kwa msingi tumia alumina, kioo cha kawaida cha dirisha kinaanza kulegea kwenye nyuzi mia tano na kitu na sodiamu yake inapanda kuingia kwenye filamu. Elektrodi za dhahabu zinahitaji tabaka jembamba la titani au kromiamu chini yake, bila hapo zinatoka na mkanda wa gundi.

Ukiwa unafanya kazi na unga mkavu vaa barakoa ya kuchuja chembe, siyo ile ya kitambaa, na fanyia ndani ya kabati la kufyonza hewa. Nanochembe zikishaingia mapafuni huwezi kuzifuta.

Ilikuwa nzuri miezi mingi, sasa imekufa ganzi

Hapa ndo narudi kwenye silikoni. Gundi za silikoni, grisi, mirija, hata baadhi ya vipodozi vinatoa mvuke wa siloksani, ukifika kwenye filamu ya moto unageuka silika na kuziba uso. Ukitengeneza tabaka la silika kwa makusudi unalipima, hili linajijenga bila mpango mpaka sensa haisikii tena, na haliungui likatoka. Haidrojeni salfaidi na misombo mingine ya salfa nayo inaikamata paladiamu, hiyo wakati mwingine inapungua ukiipasha filamu ndani ya hewa safi kwa saa kadhaa, jaribu mara moja, ukiona jibu kwa gesi ya 1000 ppm halijarudi karibu na la zamani usiendelee kuibembeleza.

Ubaya wa sumu hii ni kwamba usomaji wa hewa safi unaweza kubaki wa kawaida kabisa. Taa ya kijani inawaka, sensa haioni kitu. Njia pekee ya kujua ni kuipulizia gesi ya kiwango kinachojulikana kwa ratiba na kuandika matokeo kila mara, ukiona jibu linashuka mwezi hadi mwezi badilisha kabla halijafika chini.

Na kama hiyo sensa ndiyo inayolinda watu, usiweke filamu uliyotengeneza mwenyewe hata kama inasoma vizuri mezani. Weka kigunduzi kilichopimwa kwa viwango kama ISO 26142 au IEC 60079-29-1, kifungwe juu karibu na dari kwa sababu haidrojeni ni nyepesi kuliko hewa kama mara 14 na inapanda, na kifungwe na kukalibretiwa na fundi mwenye kibali cha maeneo yenye gesi zinazolipuka. Usikifungue kifuniko chake cha chuma chenye vitundu kukisafisha mwenyewe, hicho ndicho kinachozuia moto wa ndani usitoke nje, kikiwa kimeziba au kimepinda muite huyo huyo fundi.